Nyasi Chini ya Sufuria

Mashine ilikoroma, ikakohoa, ikatema bonge la nyasi zilizosagika, halafu ikazima katikati ya uwanja wa mpira. Usukani alibaki kitini, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Mtu mwenye akili zake angeangalia chini, maana tatizo lilikuwa chini. Yeye alimtafuta mtu kwanza. Na mtu alikuwepo: kule karibu na ukuta, wifi yake, ameinama anakusanya majani kwa reki, kajitia hamnazo kabisa.

"Anajua," Usukani alijisemea. "Haki ya Mungu, huyu anajua."

Pale chuoni walikofanya kazi, jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelikumbuka. Aliitwa Usukani tangu siku alipopanda ile mashine kwa mara ya kwanza, wanaume wakasimama kwenye kivuli cha banda kumcheka, wakisema atalima maua ya ofisini na ukuta auangushe. Hakulima ua hata moja. Miaka ikapita, waliomcheka wakahama, yeye akabaki juu ya kiti. Kiti chenyewe kilikuwa kimechanika, kimezibwa kwa utepe wa gundi, lakini ukitaka ugomvi naye, kikalie.

Ni mashine ya kukatia nyasi, ile ya kuendesha umekaa kama trekta. Chini ya tumbo lake kuna bakuli kubwa la chuma linalofunika visu. Pale kazini waliliita sufuria, kwa kuwa limekaa hasa kama sufuria iliyopinduliwa. Nyasi zikikatwa huzunguka humo ndani, kisha hurushwa pembeni. Zikigoma kutoka, zikagandamana humo, visu hukosa nafasi, mashine hulalamika, na uwanja hubaki na michirizi kama kichwa kilichonyolewa na kinyozi mlevi. Na kwa wiki kadhaa sasa sufuria ya Usukani ilikuwa inaziba kila asubuhi.

Wifi yake alikuja kwao baada ya ndoa yake kuvunjika. Alikuja na begi moja na macho mekundu, na kaka yake, yaani mume wa Usukani, akamwambia, "Dada, hapa ni kwenu." Ni Usukani mwenyewe aliyekwenda kumwombea kazi, hilo tumpe haki yake. Msimamizi wa viwanja akakubali: huyo wifi atakwangua na kuosha mashine jioni, atafagia majani, atapunguza kingo ambazo mashine haifiki. Atafanya kwa majaribio mpaka muhula uishe. "Mimi simjui," Msimamizi alisema. "Wewe ndiye utakayeniambia siku hiyo, abaki au aende. Neno lako ndilo nitakalolishika."

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Walitoka nyumbani pamoja, wakarudi pamoja, wakitaniana njia nzima kama mawifi wanavyotaniana. "Wifi, hicho kiti kinakulilia, kinasema umenenepa." "Kinanililia mimi, wewe unakiota tu." Watu waliwapisha njiani wakicheka. Na mashine ilikata vizuri, kila jioni ikilala safi.

Sasa sikiliza lilikoanzia. Siku moja Msimamizi alipita bandani akamkuta wifi amelala chali sakafuni, anachungulia chini ya sufuria, na Fundi wa chuo anamwelekeza. Msimamizi akacheka, akasema, "Huyu ana mkono wa mashine. Iko siku tutampandisha kitini tuone." Akaenda zake. Neno la kupita tu, mwenyewe alilisahau kabla hajafika getini. Lakini Usukani lilimwingia kama mwiba wa samaki, akashindwa kulimeza na akashindwa kulitema.

"Tumpandishe kitini?" alimuuliza mume wake jioni ile. "Kiti gani? Kuna kiti kingine pale?"

"Si alikuwa anatania."

"Kikulacho ki nguoni mwako, baba."

"Unamzungumzia nani? Dada yangu?"

"Nazungumzia methali," akasema Usukani, akageukia ukutani.

Tangu hapo akaanza kwenda kazini peke yake, alfajiri, wifi akiwa bado anafunga kitenge. Alitaka Msimamizi akifika akute uwanja umeshakatwa. Na ili aliyekata ajulikane, akateremsha visu mpaka chini kabisa, uwanja ung'ae kama kipara. Wifi alipofika siku ya kwanza na kukuta tairi zimeacha alama nyeusi kwenye umande, alisema kwa upole, "Wifi, si ungesubiri jua lipande kidogo? Nyasi zimelowa chapachapa."

Usukani alimtazama kwa jicho la upande. Ahaa. Anataka nichelewe. Anataka bosi aje anikute nimekaa.

"Nimekata nyasi hizi wewe ukiwa bado kwa mumeo," akamjibu.

Hilo lilikuwa neno baya, na alijua ni baya kabla halijamtoka. Wifi alishika reki yake akaenda. Siku hiyohiyo sufuria ikaziba kwa mara ya kwanza. Na Usukani, badala ya kutazama nyasi, akatazama saa: imeanza lini? Imeanza baada ya yule kusifiwa. Basi. Kesi ikaisha kichwani mwake, bila shahidi na bila mtuhumiwa kuitwa.

Kuanzia hapo akawa macho kodo. Wifi akiinama, anaangaliwa. Wifi akisimama, anaangaliwa. Akiongea na Fundi, Usukani anapunguza moto wa mashine ili asikie. Na mtu akitafuta ushahidi kwa bidii namna hiyo, jamani, hata kuku akipiga chafya atamwandikia maelezo. Jioni moja Usukani alirudi bandani ghafla kwa kisingizio cha kusahau kofia. Akamkuta wifi amepiga magoti, mkono mzima uko chini ya sufuria, na kwenye mkono mwingine ana kopo. Wifi alishtuka, kopo likaenda nyuma ya mgongo.

"Unaficha nini?"

"Sifichi. Umenishtua tu."

"Lete."

Lilikuwa kopo la zamani la losheni, na ndani yake mafuta membamba ya mashine.

"Fundi kaniambia nikishaosha na chuma kikikauka, nipake kidogo," wifi akasema. "Nyasi zinateleza, hazishiki. Na plagi ya injini nimechomoa, usiogope, haiwezi kuwaka ikanikata."

"Nani kakwambia naogopea mkono wako?" Usukani alinusa kopo, akatia kidole, akasugua mafuta kati ya vidole viwili. "Mafuta! Vumbi linapenda mafuta, nyasi zinapenda mafuta. Unanipaka gundi humu ndani halafu unasema unanisaidia?"

"Wifi, hebu muulize Fundi..."

"Fundi! Na Fundi naye yumo, sivyo?"

Wifi akafuta mikono yake kwa tambara, kidole kimoja baada ya kingine. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Wewe una nini na mimi siku hizi?" Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ndivyo Usukani alivyojiambia, na kamba ya huyu ameshaiona.

Akapiga marufuku. Tangu leo, alisema, mashine yangu haioshwi na mtu, haipakwi na mtu, haiguswi na mtu. Lakini yeye mwenyewe, nani amwone anachutama na mpira wa maji, yeye dereva? Alichofanya ni kuiingiza bandani kabla ya kwenda kula, ingali moto, nyasi zimejaa chini, akaifunika turubai na kuikaza kwa kamba. Kamba akaipiga fundo la namna yake, fundo alilofundishwa na babu yake la kufungia mizigo, la kupitisha ncha mara ya pili chini. Mwingine akilifungua hawezi kulirudisha lilivyokuwa.

Chini ya turubai, kwenye joto na unyevu, zile nyasi zilikauka zikashika chuma kama plasta ya ukutani. Kesho yake zikaongezwa nyingine juu yake. Mashine ikazidi kulalamika, na Usukani akazidi kuamini. Umeona? Nimemzuia waziwazi, sasa anakuja kwa njia nyingine.

Na kweli, asubuhi moja akakuta fundo limebadilika. Ncha haikupita chini mara ya pili. Limefungwa vizuri, kwa heshima kabisa, lakini si fundo lake.

Alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Akazunguka mashine akitafuta waya uliokatwa, skrubu iliyolegezwa, sukari kwenye tangi la petroli. Hakuona kitu. Akawasha. Na siku hiyo mashine ilikata vizuri kuliko siku zote za wiki ile, nyasi zikiruka pembeni bila shida, naye hakujiuliza kwa nini. Alikuwa anajiuliza tu ni nini kimetegwa na kitalipuka lini.

Nyumbani wakakaa mezani. Wifi alipakua chakula, Usukani akasogeza sahani yake, akachukua ya mume wake, asije akawekewa kitu. Mume akaona. Wifi akaona. Watu wakala.

"Mke wangu," mume alimwambia walipobaki wawili, "yule hana pengine pa kwenda. Ukimharibia pale, umemharibia kila kitu. Hilo unalijua?"

"Na mimi nikiharibiwa?"

"Na nani? Kwa nyasi?"

"Wewe cheka tu. Ni damu yako, lazima uione nyeupe."

Muhula ukafikia mwisho. Chuo kikatangaza siku ya wageni, wazazi wakaalikwa, mahema yakaletwa. Msimamizi alisema uwanja uwe kama zulia. Usukani alifika kabla ndege hawajaamka, umande umejaa mpaka viatu vikapiga kelele. Mzunguko wa kwanza, mashine ikavuta kwa shida. Mzunguko wa pili, ikatoa harufu ya mpira unaoungua. Wa tatu hakuumaliza. Kitu kikapasuka chini kwa kishindo, moshi ukatoka, na kimya kikaanguka juu ya uwanja uliokatwa nusu, nusu nyingine ikiwa bado ndefu na imelala.

Msimamizi alikuja akikimbia, tai begani. "Nini hiki? Usukani, nini hiki, siku ya leo?"

Wifi naye alikuwa anaingia getini. Akaja mbio kuona kulikoni, na hapo Usukani akamnyooshea kidole.

"Muulize huyo."

"Mimi?"

"Wewe. Mwambie bosi mbele yangu. Turubai la mashine hii hukulifungua?"

Wifi alimtazama Msimamizi, akamtazama Usukani. Angesema hapana, ungekuwa uongo mdogo, na nadhani mambo yangeishia kwenye kelele. Lakini yule dada hakuwa mtu wa uongo.

"Nililifungua," akasema. "Saa ya chakula, na zaidi ya mara moja. Nilikuwa..."

"Amekiri!" Usukani alipiga makofi. "Umesikia kwa masikio yako? Nilimkataza, mbele yake, kwa mdomo huu. Anafungua mashine yangu kwa siri, halafu mashine inakufa siku ya wageni. Anataka kiti changu, bosi. Tangu siku ile uliposema utampandisha, hajalala."

"Mimi nilisema hivyo lini?" Msimamizi akauliza, na kwa kweli hakukumbuka.

"Wifi, nisikilize basi, nilikuwa nai..."

"Sikusikilizi!"

Magari ya wageni yalishaanza kupiga honi nje ya geti. Msimamizi alijifuta jasho. "Mimi sina muda wa mambo ya ukoo hapa. Majaribio yanaisha leo, na wewe ndiye mdhamini wake. Niambie neno moja niendelee na kazi. Abaki au aende?"

Usukani alimwangalia wifi yake. Aliona yale macho aliyokuja nayo siku ya kwanza na begi lake. Moyo ukamchoma kidogo, usiseme haukumchoma. Lakini akasema:

"Aende."

Wifi hakulia. Aliegemeza reki ukutani, akanawa mikono bombani, akaikausha kwa kitenge chake, akaondoka kwa miguu akipishana na wageni waliovaa vizuri. Mume wa Usukani aliporudi nyumbani jioni alikuta kitanda cha dada yake kimetandikwa, begi halipo. Hakugomba. Alivaa viatu vyake tena, akatoka kumtafuta, na aliporudi alisema tu kwamba yuko kwa mwenzake waliyesoma wote, anayefua nguo za watu. Baada ya hapo hakusema neno na mkewe, si la heri wala la shari.

Fundi alikuja na mkanda mpya wa kuzungusha visu, maana ule wa zamani ndio uliokatika. Usukani alisimama juu yake wakati wote, asije akala njama na mtu. Fundi akapindua sufuria, akabandua zile nyasi vipande vipande, akaosha, akaacha ikauke, akapaka mafuta membamba. Usukani aliona mafuta akanyamaza. Mashine ikawa kama imetoka dukani. Akaifunga bandani kwa mkono wake, fundo lake mwenyewe, akalala na ufunguo shingoni.

Alfajiri akalikuta fundo lilivyo. Ncha imepita chini mara ya pili. Hakuna aliyegusa. Akafungua akicheka peke yake, akashusha visu chini kama kawaida yake, akaingia uwanjani kumalizia ile nusu. Umande uling'aa. Uwanja mzima hakukuwa na mtu, si ukutani, si getini, si dirishani.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda. Wa pili ukaenda kwa kusuasua. Kwenye wa tatu mashine ikakoroma, ikakohoa, ikatema bonge la nyasi, ikazima.

Usukani akaangalia kulia. Akaangalia kushoto. Akashuka, akapiga magoti kwenye nyasi, maji yakapenya mpaka kwenye ngozi, akachungulia chini kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze. Sufuria ilikuwa imejaa nyasi mbichi, nzito, zinadondosha maji.

Fundi alikuwa amefika mapema kuchukua spana alizoziacha bandani. Akaja taratibu, akatazama.

"Mama, sasa ulitegemea nini? Nyasi zina maji, na visu umevishusha mpaka kwenye udongo. Hata uipake mafuta pipa zima itaziba. Yule wifi yako hakukuambia?"

Usukani akabandua bonge la nyasi, maji yakamtiririka mkononi.

"Aliniambia umemkataza kuosha," Fundi akaendelea, hana habari maneno yake yanakata wapi. "Alikuwa na wasiwasi mkanda utakatika, wewe ulaumiwe. Akaniomba kibao cha kukwangulia. Ukienda kula, yeye anakwangua. Siku nyingine hakuwahi kumaliza, ukawa umerudi. Nikamwambia, kwa nini usimwambie? Akasema, nikimwambia atakasirika, na bora akate vizuri bila kujua."

Jamani. Kuna maneno ukiambiwa unatamani uwe umetukanwa.

Alikwenda siku hiyohiyo, na viatu vyake vya kazi, nyasi bado zimeshika kwenye magoti ya suruali. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, uani kamba zimejaa mashuka ya watu. Wifi alikuwa anakamua nguo. Alipomwona alisimama wima, akafuta mikono.

"Karibu," akasema. "Karibu ndani, kaa." Akavuta kiti, akakipangusa.

Usukani alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakamtoka. "Wifi, nimekukosea," akasema. "Nimekukosea vibaya. Fundi kaniambia. Sikuwa na akili, nilishikwa na wivu tu, wivu wa kijinga wa kiti kilichochanika. Nitakwenda kwa Msimamizi kesho nimwambie mimi ndiye niliyeharibu. Kaka yako haongei na mimi. Rudi nyumbani, nakuomba. Nikupigie magoti?"

"Usipige magoti," wifi alisema. Machozi yakamlenga, na usoni mwake kulikuwa na kitu kilichotaka kulainika. "Mimi mwenyewe nimewakumbuka. Umekuja kwa miguu jua lote hili? Ngoja nikuletee maji."

Akaingia ndani, akarudi na glasi juu ya kisahani. Usukani aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa na kiu kweli. Akaiinua, akaigeuzia kwenye mwanga wa mlango, akachungulia ndani, ndipo akaipeleka mdomoni.

Hakujua kama amefanya hivyo mpaka alipoona uso wa wifi yake.

"Wifi, hapana, sikuwa na maana..." Akanywa haraka, akanywa yote, maji yakamwagika kifuani. "Ona, nimekunywa. Nimeyamaliza. Ni mazoea tu, unaona? Nimeyamaliza yote!"

"Nimeona," wifi akasema.

Akamsubiri ashushe pumzi. Kisha akapokea glasi, akaiweka dirishani, akamsindikiza mpaka barabarani, akamwambia amsalimie sana kaka yake, akarudi kwenye mashuka.